Ndege Nyuki na Shauri la Pamoja

Jina la kitu ni mlango wa maana yake, na mara nyingi mataifa mawili huingia katika nyumba moja kwa milango mbalimbali. Waingereza huita drone ile ndege ndogo irukayo pasipo mtu ndani yake. Katika lugha yao neno hilo ni la kale, nalo ni jina la nyuki dume, yule asiyetafuta asali, asiyejenga sega, wala asiye na mwiba. Mwaka 1935 Uingereza ilirusha ndege iliyoongozwa kwa redio, iliyokusudiwa kuwa shabaha ya kujifunzia askari, ikaitwa Queen Bee, yaani Malkia wa Nyuki. Na inasemekana kuwa jina la nyuki dume lilizifuata hapo ndege zote za jinsi hiyo. Chombo hiki kilipofika kwa wasemaji wa Kiswahili, wengine walikiita droni kwa kufuata sauti ya wenyewe, na wengi katika Tanzania wakakiita ndege nyuki. Hawakumtafuta dume asiye na kazi. Walimchukua nyuki kama wamjuavyo wao, na nyuki kwa Mswahili si mvivu. Ni mfanyakazi mwenye asali na mwiba, tena haonekani kuishi peke yake.

Liko jina jingine, refu zaidi: ndege isiyo na rubani. Katika pwani ya Afrika Mashariki rubani alikuwa mtu wa bahari kabla hajawa mtu wa anga. Alikuwa mjuzi wa miamba, mikondo na milango ya bandari, aliyeingiza chombo mahali ambapo nahodha mgeni asingethubutu kupeleka. Kusema kwamba ndege haina rubani ni kusema nusu ya kweli. Hakuna mtu aliyeketi ndani yake. Lakini ujuzi wa rubani haukutoweka, umehama. Umetoka kitini ukaingia katika maandishi, na maandishi hayo hukaa ardhini pamoja na watu walioyaandika. Basi majina haya mawili yaweka mbele ya mwalimu maswali mawili. La kwanza lauliza: rubani amekwenda wapi? La pili lauliza: kazi ya mzinga mmoja hugawanywaje? Shule iletayo ndege hizi darasani ili kufundisha uandishi wa programu na utatuzi wa matatizo kwa ushirika hujibu maswali yote mawili, itake isitake.

Chombo chenyewe si cha ajabu sana kikitazamwa kwa karibu. Droni moja ya darasani iliyojulikana mahali pengi, Tello, ilitoka mwaka 2018. Uzito wake ulikuwa kiasi cha gramu 80, pungufu ya uzito wa chungwa, na betri yake iliweza kuirusha kwa dakika 13 tu, tena hewa ikiwa shwari. Ina rafadha 4. Mbili huzunguka kwa mwendo wa akrabu za saa, na mbili kinyume chake, ili msokoto wa jozi moja ufutwe na msokoto wa jozi ya pili. Kama zote zingezunguka upande mmoja, mwili wa ndege ungezunguka upande wa pili kama pia. Ikitakiwa kupanda, rafadha zote huongeza kasi. Ikitakiwa kwenda mbele, za nyuma huongeza na za mbele hupunguza, ndege ikainama na kusukumwa. Ikitakiwa kugeuka mahali ilipo, jozi moja huongeza na jozi nyingine hupunguza. Hivyo, hata kabla mwanafunzi hajaandika neno moja, chombo kimekwisha mpa somo la kwanza la ushirika: husimama hewani kwa sababu sehemu zake hupingana kwa kipimo.

Amri zake ni chache na fupi: ruka, tua, panda, shuka, mbele, nyuma, kushoto, kulia, geuka. Kila amri ya mwendo hutaka kiasi chake kwa sentimita, kisichopungua 20 wala kisichozidi 500. Amri zaweza kuandikwa kwa lugha ya Python, au kupangwa kama vipande vya rangi katika Scratch, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 2007 katika chuo cha MIT cha Marekani kwa ajili ya watoto. Mtu mzima aweza kucheka uchache wa maneno haya. Lakini mshairi hakupewa herufi nyingi kuliko mwandishi wa barua. Wema wa lugha ndogo ni kwamba humlazimisha mwenye fikira kubwa kuikata fikira yake vipande vipande, kila kipande mahali pake, pasipo kuficha uvivu wa akili nyuma ya wingi wa maneno.

Asili ya mafundisho haya ni ya zamani kuliko ndege zenyewe. Mwaka 1967, katika mji wa Cambridge wa Massachusetts, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya programu iliyoitwa Logo. Papert alikuwa mwana wa Afrika kwa kuzaliwa. Alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akaupinga ubaguzi wa rangi katika ujana wake, akasoma hisabati, kisha akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mchunguzi wa akili za watoto. Baada ya miaka michache Logo ilipata mtumishi, kobe wa mashine aliyetambaa sakafuni na kalamu, akichora kila njia aliyoamriwa. Mtoto aliyetaka mraba alimwambia kobe aende mbele, ageuke nyuzi 90, na arudie hivyo mara 4. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, Papert alishika shauri moja kubwa: badala ya kompyuta kumwendesha mtoto, mtoto aiendeshe kompyuta, na katika kuifundisha mashine ajifunze jinsi yeye mwenyewe anavyofikiri. Droni ya darasani ni kobe huyo aliyeota mabawa.

Lakini mabawa yamebadili mambo. Kobe aliyekosea aliacha mchoro mbaya juu ya karatasi. Ndege iliyokosea hugonga ukuta, au humwangukia mtu kichwani, au hukwama juu ya kenchi. Ndiyo maana mazoezi yataka ukumbi ulio wazi, vikinga vya rafadha, na watu wote wakae nyuma ya mstari. Ndiyo maana pia kosa la hewani hukumbukwa kuliko kosa la karatasi.

Tuangalie zoezi lile lile la mraba. Wanafunzi wameandika: mbele sentimita 200, geuka nyuzi 90, rudia mara 4. Katika daftari mraba huu hauna ila. Mwisho wake hurudi katika mwanzo wake. Ndege inaruka, inazunguka, inatua, na haikutua ilipoondoka. Mwanafunzi wa kwanza husema programu ni mbaya. Wa pili husema ndege ni mbovu. Wa tatu hulaumu feni iliyo darini. Kila mmoja ana dai, na hakuna mwenye ushahidi. Hapo ndipo elimu huanza, ikiwa mwalimu ataweza kunyamaza.

Maana hesabu yaweza kuwaamua. Ndege ikizidisha nyuzi 5 tu katika kila pembe, yaani ikigeuka 95 badala ya 90, haitarudi mwanzo; itatua kiasi cha sentimita 47 kutoka pale ilipoondoka, na uso wake utakuwa umepotoka kwa nyuzi 20. Wanafunzi waliopima kwa rula wakapata karibu na kiasi hicho wana sababu ya kushuku kugeuka kwake. Waliopata kwamba uso wa ndege umenyooka lakini mahali pamehama, wana sababu ya kushuku upepo au sakafu. Ndege ya jinsi hii hutazama chini kwa kamera ndogo iliyo tumboni mwake ili ijue kama imesogea. Sakafu yenye alama huisaidia. Sakafu nyeupe tupu, au inayong'aa kama kioo, au chumba chenye giza, huipoteza. Yamkini mwanafunzi mmoja atatandika mkeka wenye nakshi chini ya njia yake, na ndege itatulia. Mwanafunzi huyo hakubadili hata herufi moja ya programu. Amebadili dunia ambamo programu hutimizwa. Hili ni jambo ambalo kitabu huliandika kwa shida na mkeka hulisema kwa dakika moja: maneno sahihi hayatoshi mpaka yakutane na mahali palipo tayari kuyapokea.

Sasa swali la pili, la mzinga. Kwa nini kazi hii ifanywe na wengi? Mwanafunzi hodari aweza kuandika programu ya mraba peke yake, tena upesi kuliko wenzake wanne wanaobishana. Jibu si kwamba ushirika ni adabu njema, ingawa ni adabu njema. Jibu ni kwamba kazi yenyewe imezidi macho ya mtu mmoja. Anayeandika hutazama kioo cha kompyuta, hawezi wakati huo huo kutazama hewani. Anayetazama hewani huona ndege ikiyumba, lakini hajui ni amri ya ngapi inayotekelezwa. Anayepima sakafuni hajui ndege ilianza kupotoka katika pembe ya pili au ya tatu. Anayeweka saa ya betri ndiye ajuaye kwamba zimebaki dakika 4, na kwamba jaribio lisilofikiriwa litazila zote. Ukweli wa tukio moja umegawanyika baina ya watu 4, na hautakuwa mzima mpaka wasemezane. Ushirika wa namna hii haukuongezwa juu ya kazi kama sukari juu ya uji. Umo ndani yake kama chumvi.

Walakini Waswahili hawakuusifu umoja bila kuuchunguza. Husema kidole kimoja hakivunji chawa, na watu wale wale husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mithali hizi hazipingani. Kila moja huulinda mpaka wa mwenziwe. Ya kwanza ni ya kazi, ya pili ni ya amri. Watu 4 wakishika kompyuta moja, kila mmoja akiingiza amri yake, ndege itakwenda mrama kweli. Kwa hiyo wafundishao uandishi wa programu wamezoea desturi ya kuwaketisha wawili mbele ya kompyuta moja: mmoja huandika, mwingine husoma kila kinachoandikwa na kuuliza sababu yake, kisha hubadilishana. Jahazi lilijua desturi hii kabla ya kompyuta. Aliyeshika usukani hakushika tanga, na aliyekaa gubetini kuchungulia mwamba hakudharauliwa na yule wa nyuma, maana sauti yake ndiyo iliyookoa wote.

Jambo lisahauliwalo ni lile la mwisho: kisha hubadilishana. Kundi likiachwa lijipange lenyewe, aghalabu kompyuta humwendea yule aliyewahi kuiona nyumbani kwao. Mwenye sauti kubwa huwa nahodha, na msichana mwenye hati nzuri hupewa daftari aandike matokeo ya fikira za wengine. Mwisho wa kipindi mraba umechorwa, mwalimu amefurahi, na watu 4 wameondoka na elimu ya mtu 1. Hii ni hatari kubwa kuliko ndege kuvunjika, kwa sababu ndege iliyovunjika huonekana. Mwalimu mwenye busara huzungusha kazi kwa saa, si kwa hisani. Na swali lake la mwisho humwuliza yule aliyepima sakafu aeleze programu, na yule aliyeandika programu aeleze sakafu. Kundi lisiloweza kujibu hivyo halijamaliza kazi, hata kama ndege imetua juu ya alama.

Hapa lipo pigano lililo kubwa kuliko zoezi. Mwezi wa Machi mwaka ule ule wa 1967, wakati kobe wa Logo alipokuwa angali mawazo, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Alilaumu elimu iliyomtenga mwanafunzi na jamii yake, ikampa kiburi cha cheti, na kupima thamani ya mtu kwa mtihani. Alitaka shule ijenge nia ya kuishi pamoja na kufanya kazi pamoja kwa manufaa ya wote. Mawazo mawili ya mwaka mmoja, moja la Massachusetts na moja la Dar es Salaam, hayakujuana. Lakini yalikutana katika kukataa jambo moja, yaani mtoto aliyeketi kama mtungi akingoja kujazwa. Tofauti yao ni kwamba Papert alianzia katika akili ya mtoto mmoja na Nyerere alianzia katika kijiji. Droni ya darasani, ikitumiwa vema, yaweza kuwapatanisha, kwa kuwa haikubali fikira isiyo wazi wala haikubali mtu mmoja kujua yote. Ila mlangoni mwa chumba cha mtihani wapatanishi hawa hutengana tena. Wanafunzi waliosaidiana mwaka mzima huketishwa mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake, na neno la kumwambia jirani, lililokuwa fadhila jana, leo ni udanganyifu. Shule zisipotafuta njia ya kupima pia kile kilichofanywa pamoja, wanafunzi watajua upesi kipi ni elimu na kipi ni mchezo wa Ijumaa.

Wenye kusoma lugha wana sababu yao wenyewe ya kulitazama darasa hili. Mwanafunzi akisema "peleka kulia," kulia kwa nani? Ndege ikimwelekea msemaji, mkono wake wa kulia ni wa kushoto kwa ndege. Tena Kiswahili kina fumbo lake: "mbele ya mti" kwa msemaji mmoja ni upande wa mti ulio karibu naye, na kwa mwingine ni upande wa pili, kana kwamba mti nao unasafiri na umempa kisogo. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii hupita bila kudhuru, kwa sababu kidole huonyesha palipokosewa na ulimi. Ndege haioni kidole. Wanafunzi hulazimika kukubaliana kwamba mbele ni mbele ya ndege, na kulia ni kulia kwa ndege, kisha wajihamishe kwa akili wakae mahali pa chombo wapate kuona kwa macho yake. Kujiweka mahali pa mwingine kabla ya kumwamuru ni mwanzo wa hisabati ya pembe. Yafaa ikumbukwe kwamba ni mwanzo wa utu pia.

Mabishano hayo yote, juu ya pembe, upepo na mkeka, hufanywa katika lugha ambayo wanafunzi wanaiota. Vipande vya Scratch huweza kuonyeshwa kwa Kiswahili, na hata pale Python inapodai maneno yake machache ya Kiingereza, hoja inayozunguka maneno hayo yaweza kuwa ya Kiswahili tupu. Shule inayomkataza mwanafunzi kusemezana na wenzake kwa lugha anayoimudu, kwa hoja kwamba kompyuta haijui Kiswahili, imechanganya mambo mawili. Kompyuta haijui Kiingereza vile vile. Haijui ila mpangilio. Kukosa lugha ya kubishana ndiko kukosa ushirika, na kundi lisilobishana kwa uhuru humfuata aliye na Kiingereza kingi, si aliye na sababu njema.

Watu watauliza kama haya yote si mchezo wa matajiri. Swali ni la haki, na sehemu ya jibu imo katika historia ya karibuni. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kazi ya kupiga picha visiwa vyake kutoka hewani, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300, ili ipate ramani mpya za ardhi. Ndege zilizotumika zilikuwa ndogo, za aina iitwayo eBee, jina ambalo nalo limemrudia nyuki. Na miongoni mwa waliozirusha walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani kutoka kituo cha Muhanga, zikidondosha mzigo kwa mwavuli na kurudi. Malawi ilifungua mwaka 2017 ukanda wa majaribio ya ndege hizi katika Kasungu, na mwezi wa Januari 2020 chuo cha droni na takwimu kikafunguliwa Lilongwe kwa msaada wa UNICEF, kikapokea vijana wa Afrika. Katika kila mahali hapo kurusha kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mpiga ramani alihitaji mpanga njia, msoma hali ya hewa, mtu wa kuunganisha picha, na mtu wa kuwaeleza wanakijiji ni kitu gani kinachopita juu ya paa zao na kwa nini. Yule asiyeweza kushirikiana hakufaa, hata kama vidole vyake vilikuwa vyepesi.

Swali la pili ni zito zaidi. Chombo kile kile kipelekacho damu hupeleka mabomu, na chombo kile kile kichoracho ramani ya ardhi huchungulia ua wa jirani. Mwanafunzi atalisikia jambo hili redioni kabla hajalisikia shuleni, na mwalimu akilinyamazia atakuwa amefundisha kwamba ufundi hauna dhamira. Sheria zimejaribu kuweka mipaka. Nchi za Afrika Mashariki hutaka kibali cha wakuu wa usafiri wa anga, na Kenya ilitunga kanuni zake za ndege hizi mwaka 2020. Darasa hufanya vema kuzisoma kanuni hizo pamoja na programu, kwa kuwa zote mbili ni amri zilizoandikwa, na zote mbili huonyesha ubora wa mwandishi wake pale zinapokutana na jambo asilolitazamia. Lakini kanuni haitoshi. Programu haijui tofauti ya kapu la dawa na kitu kingine chenye uzito ule ule. Anayejua tofauti hiyo ni yule aliyebaki ardhini.

Swali la tatu ni la shule isiyo na umeme wala fedha, na shule hizo ni nyingi. Haifai kuiambia ingoje. Somo hili lina sehemu isiyohitaji mashine: chaki, uwanja, na mwanafunzi mmoja anayejifanya ndege. Wenzake huandika amri katika karatasi, naye huzitimiza kama zilivyoandikwa, wala hazitengenezi kwa huruma. Wakisahau kumwamuru asimame, ataendelea mpaka kwenye ukuta. Kicheko kitakachofuata ni cha elimu. Nusu ya fikira za programu, na zaidi ya nusu ya ushirika, hupatikana hapo bila senti moja. Tena ndege 1 yaweza kutosha makundi 5 yakifikiri kwa zamu, kwa sababu uchache wa dakika za betri huwafundisha watu kusoma programu yao mara mbili kabla ya kuirusha. Utajiri wa vyombo waweza kuua adabu hii. Aliye na betri kumi hujaribu kwanza na kufikiri baadaye.

Ikiwa chaki yafaa hivyo, ndege yaongeza nini? Yaongeza hakimu asiye na upendeleo. Mwanafunzi anayejifanya ndege aweza kuwahurumia rafiki zake; mwalimu aweza kumpendelea mwanafunzi wake; daftari laweza kufunikwa kwa mkono. Ndege hutimiza kilichoandikwa mbele ya wote kwa wakati mmoja, na wote huona mwisho ule ule. Hakuna aliyeshindwa peke yake, wala hakuna awezaye kusema kwamba sehemu yake ilikuwa sahihi. Mtoto ambaye miaka yote amepokea kosa lake kwa wino mwekundu, kwa siri na aibu, hapa hulipokea pamoja na wenzake, nalo hugeuka kutoka hukumu kuwa swali. Badala ya kuuliza nani amekosa, kundi lililokomaa huuliza ni wapi ndege ilipoanza kupotoka. Kati ya maswali haya mawili umo umbali ambao mataifa mengi hayajaumaliza.

Kwa hiyo si kweli kwamba ndege hii haina rubani. Inao zaidi ya mmoja, nao wako ardhini: mwandishi, msomaji, mpimaji na mwangalizi, kila mmoja na kipande cha ujuzi ambacho hakimfai kitu akikificha. Vizazi vijavyo vitapewa vyombo ambavyo havijapata jina katika lugha yoyote, vingine vikubwa kuliko ukumbi wa shule, na vitatimiza maandishi ya watu bila kuyahurumia kama ndege hii ndogo inavyotimiza. Elimu itakayofaa siku hizo ni ya kuandika kwa uangalifu, kusikiliza kabla ya kurusha, na kukiri pamoja mahali njia ilipopotoka. Vyombo hubadilika mikononi mwa watu kila kukicha; shauri jema ni lile lile la kale, nalo halikai katika kichwa kimoja.